Ngumi za Kulipia Masomo

Duka la kudurufu lililokuwa mkabala na lango la chuo lilijaa watu hadi barazani. Mitihani ilikuwa mlangoni, na kila mwanafunzi alitaka maswali ya miaka iliyopita. Mashine zilitema karatasi za moto, feni ilikuwa imekufa, na watu walikanyagana vidole bila kuombana radhi.

Jitu moja la miraba minne, fulana nyekundu imelibana kifuani, likapenya hadi mbele ya foleni. Kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likapasika akaligusa bega.

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

Jitu halikujibu kwa mdomo. Liligeuka na ngumi.

Kijana akainama. Ngumi ikapita juu ya nywele zake na kutua mdomoni mwa msichana aliyesimama nyuma yake. Msichana akapiga yowe, damu ikadondokea kola ya gauni lake la bluu. Kijana alipoinuka, hakuna aliyeona vizuri alichofanya. Walisikia tu: moja ya ubavu, moja ya kidevu. Jitu likalala juu ya karatasi za watu, macho yakitazama dari.

"Dada, samahani sana! Umeumia?"

"Nimeumia? Wewe umeinama, mimi nimelipishwa!"

"Si unajua, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na aliyesimama nyuma ya mtaka cha mvunguni, yeye ang'olewe meno?"

Kijana alitaka kucheka, akajizuia. Aliyecheka ni msichana mwenyewe, akashika mdomo kwa maumivu, akacheka tena. Kijana alinunua maji baridi, akalowesha kitambaa chake na kumwekea mdomoni taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye bawa la kipepeo. Kijana alisomea sheria. Msichana alisomea ufamasia.

"Basi nitakuita Dawa," alisema kijana.

"Na mimi nitakuita Wakili. Wakili anayekwepa, mteja akafungwa."

Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwenye mdomo uliovimba.

Simu hazikupoa. "Umekula?" Dawa angeuliza. "Nimeshiba sauti yako." "Wewe! Sauti haijazi tumbo, nenda kale." Walisoma pamoja maktaba, miguu yao ikigombana chini ya meza. Ila kila mara Wakili alikuja na jipya: jicho jekundu, sikio lililovimba, mbavu zilizomfanya akae upande.

"Leo umegombana na nani?"

"Na ngazi. Si nilikwambia nafanya usafi kwenye ukumbi wa mazoezi? Sakafu ilikuwa na maji."

"Ngazi hiyo ina vidole vinne na gumba?"

"Dawa wangu, kula karanga, mambo ya ushahidi niachie mimi."

Ukweli ni kwamba Wakili hakuwahi kushika fagio kwenye ukumbi ule. Alikodiwa kupigwa. Bondia mmoja waliyemwita Bingwa alikuwa akijiandaa kwa pambano la mkanda, na kocha wake alihitaji mtu mwepesi wa kumzoesha, mtu anayejua kukwepa lakini asiyeruhusiwa kurudisha kwa nguvu. Wakili alijifunza ngumi tangu utotoni. Mama yake mdogo, aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki, aliuza nguo za mitumba na hakuweza tena kulipia chuo peke yake. Basi asubuhi ilikuwa sheria, mchana ngumi, jioni vitabu. Ukumbini hawakumwita Wakili. Walimwita Gunia.

Baba yake Dawa, fundi wa magari mwenye sauti kama injini ya lori, alikuwa na neno moja kuhusu wanafunzi wanaofanya kazi. "Mwanafunzi kazi yake ni kusoma. Mshika mbili, moja humponyoka."

"Lakini baba, wengine hawana namna."

"Mlete huyo asiye na namna nimwone. Jumapili, chakula cha mchana."

Jumapili ilipofika, mama aliandaa meza tangu asubuhi. Fundi alijisugua mikono kwa sabuni ya unga hadi kucha zikang'aa, akavaa shati la mikono mirefu alilovaa mara ya mwisho harusini. Dawa alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, akapaka midomo rangi, akaifuta, akaipaka tena. Chakula kikapoa. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka ikapokelewa.

"Dawa wangu! Sasa hivi nilikuwa nakuwaza."

"Uko wapi?"

"Chumbani, nimejilaza. Kwani vipi?"

"Kwani vipi? Baba yangu anakusubiri mezani!"

"Baba yako? Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia jana! Tulisimama kwenye ngazi za maktaba, ukasema utavaa tai, ukaniuliza baba anapenda mpira wa timu gani!"

"Mpenzi, haki ya Mungu, hukuniambia."

Fundi alinyoosha mkono akaichukua simu. "Kijana, kama humtaki binti yangu, sema. Usimfanye mwendawazimu." Akakata.

"Mwongo," Dawa alisema, machozi yakimchuruzika hadi kwenye rangi ya midomo. "Mwongo asiye na haya."

Huko chumbani, Wakili alibaki ameketi kitandani, simu mkononi. Aliitafuta jana yake. Aliikumbuka kengele ya ulingoni, akakumbuka mkono wa kushoto wa Bingwa ukija. Baada ya hapo palikuwa peupe. Maktaba hakuiona. Ngazi hakuziona. Akaisukuma simu chini ya mto, na hakumwambia mtu.

Kesho yake Dawa alilikunja koti ambalo Wakili alimwazima siku ya mvua, akaenda ukumbini kulirudisha. Alikuwa amepanga maneno makali njia nzima. Hakutamka hata moja.

Ukumbi ulinuka jasho na mafuta ya kuchua. Ulingoni, Wakili alikuwa amebanwa kwenye kona, kofia ya kinga imemkaa upande, damu inamtoka puani na kuchora njia hadi kifuani. Bingwa alimshukia kama anayetwanga. Mbavu, mbavu, kichwa. Kila ngumi ilitoa mlio wa nyama mbichi inayobwagwa mezani. Wakili aliinua mikono, ikachelewa. Akakwepa, miguu ikagoma.

"Kichwa!" kocha alifoka akipiga kamba kwa taulo. "Mfuate kichwani! Gunia, simama wima, bado raundi haijaisha!"

"Mwacheni!" Dawa alipiga kelele. "Mnamuua! Wakili!"

Wakili aliisikia ile sauti. Akageuza uso kumtafuta, na mikono ikashuka. Ngumi ya kushoto ilikuwa njiani tayari, na hata aliyeirusha asingeweza kuirudisha. Ilimkuta kwenye kipaji cha uso. Alianguka kama mzigo uliokatwa kamba, kisigino kikagonga mbao, kisha mwili wote ukaanza kutetemeka na povu jekundu likamtoka mdomoni.

Dawa hakujua alivyopita kamba. Alimgeuza Wakili ubavu, akamfungua kofia, akamtoa kinga ya meno kwa vidole vyake, akang'atwa, hakujali.

"Gari! Leteni gari!"

"Tulia, binti," kocha alisema. "Gunia amezoea. Mwagieni maji, ataamka."

Dawa aliinuka na kumchapa kibao kilichosikika hadi barabarani.

"Gunia ni la mkaa! Huyu ni mtu!"

Kocha aliinua mkono kumrudishia. Bingwa akaudaka mkono huo hewani, akaupindisha mpaka kocha akapiga goti. Kisha, glovu bado mikononi, akamnyanyua Wakili kama mtoto na kukimbia naye nje.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Damu ilikuwa imevujia chini ya fuvu. Daktari alisema haikuanza siku hiyo. Palikuwa na ya zamani na mpya, zimepandana.

Mama mdogo alifika akiwa na kanga moja tu na kandambili zisizolingana. Alipomwona kocha kwenye korido, hakusalimu. Alivua kandambili na kumpiga nayo uso, shingo, mgongo, akamfukuza hadi kwenye mlango wa kutokea, na manesi wawili hawakuweza kumshika.

"Nilikupa mtoto afanye kazi! Hukusema unampasua!"

Fundi alikuta vurugu hiyo, ovaroli yake ikiwa na grisi. Akamtazama bintiye aliyeketi sakafuni, damu ya mtu mwingine imemkaukia mikononi.

"Ndiyo maana nasema," alinguruma, "mwanafunzi asifanye kazi!"

Mama mdogo akamgeukia, pumzi juu juu. "Na asiye na baba wa kumlipia, ndugu yangu, asisome? Nijibu. Asisome?"

Fundi alitafuta pa kuweka mikono yake mikubwa, akaishia kuvua kofia.

"Baba," Dawa alisema kwa sauti ndogo, "Jumapili hakutudanganya. Alikuwa amesahau. Alikuwa anakufa kidogo kidogo, nami nikamwita mwongo. Na leo nimemwita, akageuka. Kama nisingemwita..."

"Nyamaza, mama," Fundi alisema. Akajishusha sakafuni kando yake, akamkumbatia.

Wakili alifumbua macho siku ya tatu. Kichwa kilifungwa bandeji, upande mmoja wa uso umekuwa zambarau. Daktari alikuwa ameshawaonya: aliyoyasahau, mengine yatarudi polepole, mengine huenda yasirudi, na darasani asikanyage mwaka mzima. Ngumi, asizisogelee tena maisha.

"Dawa wangu," alisema kwa shida. "Unalia nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mwanaume wako anakodishwa kama ngoma, apigwe watu wacheze?"

"Ungeniambia tu. Ningelia, halafu tungefikiri."

"Utaniambia niache kazi. Nikiacha, nitasoma kwa pesa gani?"

"Sijasema uache kazi. Kazi inayokupiga kichwa unachosomea, hiyo ndiyo nitakuua nikikuona nayo."

Fundi alikohoa mlangoni. Akaingia, akasimama miguuni pa kitanda kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Pale gereji nahitaji mtu wa kupokea wateja na simu," alisema bila kumtazama. "Anakaa kwenye kiti. Nikimkuta na kitabu, sitasema kitu. Nikimkuta na ngumi, nitamwonyesha spana."

"Asante, baba," Wakili alisema.

"Bado sijawa baba yako. Pona kwanza."

Alipotoka, Wakili aliushika mkono wa Dawa. Mama mdogo alikuwa pembeni akikunja shuka.

"Nikipona," alisema, "utakubali nikuoe?"

Dawa alicheka na kulia kwa pamoja. "Nitakubali, Wakili. Hata usipopona vizuri." Mama mdogo akapiga kigelegele, nesi akaja mbio kumnyamazisha.

Kesho yake mchana Dawa alirudi, amevaa gauni la njano, nywele amezisuka upya. Wakili alikuwa ameketi, amenyolewa ndevu. Alimwomba asogeze kiti karibu.

"Kuna jambo," alianza. "Nimelifikiria tangu asubuhi. Sijawahi kulisema kwa mtu yeyote, kwa hiyo nikikosea usinicheke."

Mama mdogo akageukia ukuta, kanga mdomoni.

Dawa alielewa. Kitu kilimkata ndani, kirefu, lakini uso wake haukusema. Akakaa sawa kitini, akamwacha atafute maneno. Aliyapata moja moja, akikwama, akirudi nyuma, akiona haya kama kijana wa mara ya kwanza.

"Dawa... utakubali nikuoe?"

Msichana akaweka kiganja kifuani, macho akayatoa kama mtu aliyeshtukizwa na furaha.

"Mbona umechelewa kuniuliza?" alisema. "Ndiyo, mpenzi wangu. Ndiyo."