Shira ya Moto Juu ya Sinia la Moto

"Usiifunike baklava! Itatoa jasho, ilainike!"

Shefu alirudisha mkono haraka kama mtoto aliyekutwa anadokoa. Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye koti jeupe, akakunja uso.

"Fundi, yaani mimi unanifundisha kubeba sinia?"

"Sikufundishi, mpenzi. Nakukumbusha tu."

Bwana huyu alikuwa mpishi wa vitamutamu katika mgahawa mkubwa kuliko yote pale mjini, na hakumruhusu mtu yeyote asahau hilo. Koti jeupe alikwenda nalo sokoni, alikwenda nalo kwa kinyozi, na siku ya kujitambulisha ukweni alilivaa, limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani mbili na kioo kirefu; nyuma ndiko kulikokuwa na jiko, na kwenye jiko hilo, Ijumaa kwa Ijumaa, ndiko kulikotoka sifa zote za Shefu. Yeye mwenyewe alikuwa na mkono mzuri wa kubeba tu.

Fundi alijifunza baklava kwa bibi mmoja wa Kigiriki, mteja wake wa mapazia. Tabaka kwa tabaka za manda nyembamba mpaka unaona kiganja upande wa pili, siagi, lozi zilizotwangwa na mdalasini, halafu shira ya asali na ganda la chungwa. Keki za jibini alijifundisha mwenyewe. Na vile vikeki vya chokoleti, ambavyo ukivikata katikati vinatoa uji wa moto, alivikosea mara kumi na moja kabla ya kuvipata.

"Na mama mwenye mgahawa anasemaje?" aliuliza, kama alivyouliza kila Ijumaa.

"Nakupigia debe, usiwe na haraka. Anasema unajitahidi. Ila mkono wako bado ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani kivipi?"

"Hutaelewa. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Akabeba masinia mawili, akatoka bila hata asante.

Fundi alimpenda, jamani, tusimcheke. Alimpenda kweli, na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Kitu kimoja tu alikitaka kabla ya siku hiyo: Shefu asimame mbele za watu, mara moja tu, aseme, "Hizi kazipika mchumba wangu." Hakutaka cheo wala kofia ndefu. Alitaka sentensi moja.

Jumatatu alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani kujaribu gauni. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto mia tano bila kipaza sauti.

"Nipunguzie kiunoni, Fundi. Au basi, acha. Kwa ninavyokula siku hizi utakuja kuniongezea."

"Unakula nini, Mwalimu?"

"We! Pale mgahawani kuna baklava, hujapata kuona. Kila kipande kina karafuu moja katikati. Na zimekatwa sawasawa utadhani kwa rula."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja. Zilikuwa zimekatwa kwa rula, tena rula yenyewe ilikuwa imening'inia ukutani nyuma ya mgongo wa Mwalimu.

"Nani anazitengeneza?"

"Si yule Shefu wao! Alitoka jikoni mwenyewe kutusalimia. Kasomea Ugiriki, miaka miwili."

"Ugiriki?"

"Ugiriki, mwanangu. Anasema baridi ya kule ilimtesa sana."

Loh! Mtu huyu hata pasipoti hakuwa nayo. Alikwenda kupiga picha za pasipoti mara moja, zikatoka amefumba macho, akaghairi safari ambayo hakuwa nayo.

"Jumamosi saa tisa mchana atazitengeneza mbele ya macho yetu," Mwalimu akaendelea. "Nina kadi ya watu wawili, na mume wangu vitamu hagusi."

"Nitakwenda na wewe, Mwalimu," alisema Fundi. "Yule Shefu ni mchumba wangu. Na hizo baklava ni zangu."

Mwalimu Mkuu akakaa kitini na pini zake zote, akaruka.

Jioni ile simu ikaita.

"Fundi, Jumamosi nina shughuli kubwa. Niandikie ile baklava hatua kwa hatua."

"Kwa nini nisije tuitengeneze pamoja?"

"Wewe? Jikoni mle? Mle kuna mashine, mpenzi, si visufuria vyako. Utanitia aibu."

"Shefu, nikuulize. Watu wa pale wanajua ni mimi ninayepika?"

"Wanajua, wanajua. Niandikie basi."

Akamwandikia. Wengine mngeficha kitu, nawajua. Yeye hakuficha hata punje ya karafuu, kwa sababu alikuwa bado anampa nafasi. Mwisho akaongeza:

"Ikitoka ovenini ya moto, shira iwe imeshapoa kabisa. Kimoja moto, kingine baridi. Vyote vikiwa moto, manda italoa iwe uji. Hilo usilisahau mpenzi wangu."

Jibu likaja kabla hajaweka simu chini:

"Usinifundishe kazi. Wewe shona suruali za watu."

Halafu la pili:

"Na Jumamosi usije."

Jumamosi akaja. Gauni la bluu, kiti cha safu ya tatu, Mwalimu Mkuu kando yake kama mlinzi. Mbele kulikuwa na meza ndefu, oveni ya kioo, na Shefu amevaa kofia ndefu kuliko akili zake.

"Nilipokuwa Ugiriki," alianza, "mwalimu wangu aliniambia, kijana, una mikono ya dhahabu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu akasonya mpaka safu ya mbele wakageuka.

Sinia likatoka ovenini likilia chwaa. Kwenye jiko kando yake sufuria ya shira ilikuwa inachemka, mapovu juu. Fundi akasimama nusu. Mdomo ukafunguka amwambie acha! Halafu akazikumbuka suruali za watu, akakaa.

Shefu akainyanyua sufuria juu kabisa, kwa mbwembwe, akamimina yote.

Mvuke ulipotawanyika, tabaka za juu zilikuwa zimelala. Zile karafuu zilizosimama katikati ya kila kipande zikaanza kuinama, kisha kuelea. Mama mwenye mgahawa, mtu mwembamba wa maneno machache, akachota kwa kijiko. Ikamwagika.

"Shefu, hii ni ya kula au ya kunywa?"

"Mama, hali ya hewa..." Macho yakamtoka, yakazunguka ukumbi, yakamwona Fundi. "Yule! Yule pale! Ni dada wa kazi wa nyumbani kwangu. Ndiye aliyenisukumia manda, ameniharibia makusudi!"

Watu wote wakamgeukia Fundi.

"Dada wa kazi?" alisema, akisimama. "Wiki mbili kabla ya harusi, Shefu, mimi ni dada wa kazi?"

"Wewe binti ni nani?" aliuliza mama mwenye mgahawa.

"Mchumba wake, mama. Baklava mnazokula kila Ijumaa natengeneza mimi. Hizi za leo sijazigusa."

"Uongo!" Shefu akapayuka. "Huyu anashona suruali!"

"Lete simu yako, Fundi, niwasomee," alisema Mwalimu Mkuu. Akavaa miwani, akasoma ujumbe wote kwa sauti ile ya mstarini asubuhi, kuanzia "ikitoka ovenini" mpaka "shona suruali za watu". Alipofika kwenye suruali, alirudia mara mbili, polepole, kwa faida ya waliokaa nyuma. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama mwenye mgahawa hakucheka.

"Sinia la pili halijaokwa. Nani anaweza kuliokoa?"

Shefu akaizunguka meza mbio, kofia ikadondoka, akamshika Fundi mkono.

"Mpenzi, nisaidie. Nitafukuzwa. Nakuomba."

"Ni za nani, Shefu?"

"Fundi, tafadhali, tutaongea nyumbani..."

"Ni za nani?"

Akatazama wageni, akamtazama tajiri wake, akaona hana pa kupita.

"Ni zake!" alipiga kelele. "Zote zake! Keki, chokoleti, baklava! Mimi hata manda sijui kusukuma! Na Ugiriki sijafika!" Akamgeukia huku anahema. "Haya, nimesema! Mbele za watu wote! Umefurahi? Sasa njoo umwage shira, wiki mbili zijazo tunaoana, yaishe."

Fundi alisubiri furaha imjie. Mwaka mzima alikuwa ameililia sentensi hiyo, na sasa imekuja imelowa, haina ladha. Alimtazama mwanaume huyu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya lile koti, akamdharau. Akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Mama," alimwambia mwenye mgahawa, "chemsheni shira sasa hivi, iacheni ipoe kabisa. Ikishapoa ndipo mlioke sinia, mmwagie likiwa la moto. Litakuwa zuri sana."

"Na wewe unakwenda wapi?" Shefu akashtuka. "Si nimesema?"

"Umesema kwa sababu sinia limekuharibikia. Mimi nilikuwa naolewa na mtu ambaye angelisema siku limetoka vizuri."

"Fundi! Na harusi? Nimwambie nini mama yangu?"

Alikuwa ameshafika mlangoni na Mwalimu Mkuu wake. Akageuka.

"Mwambie ukweli," alisema. "Leo umeanza kuzoea."