Komeo la Upande wa Nje

"Daktari, nani hujenga ukuta wa kujihami, halafu komeo la lango akaliweka nje?"

Tumpale aliuliza hivyo siku walipofukua matundu ya kupitishia gogo la lango, kwenye mji wa kale juu ya milima ya Ibaba. Daktari Hezron, mkuu wa uchimbaji, alicheka tu. Midahalo iachwe chuoni, akasema, hapa watu wanachimba. Wengine nao wakacheka. Mkubwa akicheka, meno ya wadogo hayakai ndani.

Kisha akaamuru ukuta ukatwe kwa handaki, aone ulivyojengwa. Mama Enesi, mpishi wao na mwenyeji wa pale, akasihi wasiguse vijiwe vya juu. Kila aendaye shamba, alieleza, huweka kimoja apitapo, tangu enzi za mababu. Hezron akaviita kifusi. Vikamwagwa bondeni.

Mchana ule ule ukungu ukashuka. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kisha kugonga, taratibu, mle handakini, jiwe kwa jiwe, kama mgeni mwenye adabu anayejua wenyeji wamo. Na katikati ya kugonga huko ikatoka sauti ya Loisi, ile ile yenye kicheko mwishoni, ikimwita Tumpale kwa jina, ilhali Loisi mwenyewe, rafiki yake wa chumba kimoja chuoni, alikuwa amesimama kando yake amemshika mkono, na mkono ule ulizidi kuwa wa baridi.

"Da Tumpale," Loisi alinong'ona, "anayeita ni nani?"

Tangu hapo Loisi hajasema neno tena. Midomo hucheza, sauti haitoki. Hospitali walimmulika koo, wakasema zima. Hezron akasema ni baridi ya mlimani.

Mama Enesi alisema sauti ingerudi kwa mwenyewe iwapo ukuta ungezibwa kabla haijavuka nje. Hezron akakataa: wageni wake wanakuja kupiga picha, handaki libaki wazi. Tumpale akabishana naye hadi mate yakamkauka. Basi akachukua koleo, akaanza kufukia peke yake, na kila alipotupa udongo ile sauti ikalia kule chini, dada yangu, usinizike, mimi ndiye Loisi, nimekukosea nini, naye analia anatupa, analia anatupa, huku Loisi ameketi ukingoni akimtazama na kutikisa kichwa, na mpaka leo Tumpale hajui alikuwa anakataa nini.

Asubuhi udongo wote ulikuwa juu tena, umerundikwa vizuri.

Hezron ameshuka Tunduma kupokea wageni. Vijana wa uchimbaji wamemfuata. Tumpale anafukia, kunakucha kumefukuliwa, anafukia tena. Mikono miwili haitoshi, na jana kile kicheko kilisikika kimebakiza hatua chache tu kuvuka nje ya ukuta.

Wewe unayesikiliza, kama una koleo, njoo Ibaba umsaidie. Ukiitwa njiani, usiitike.