Fungua Geti, Maziwa Yanaharibika

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyoungua, na katika nyumba ile maziwa hayakuwa yamechemshwa kwa siku nne.

Mama Rinki aliisikia akiwa anakanda unga wa chapati. Akainuka kutazama jiko, jiko baridi. Akanusa sufuria, akanusa kitambaa cha kushikia vyombo, mwisho akanusa mikono yake mwenyewe. Mama mkwe wake, aliyekuwa kwenye kitanda cha kamba akichambua dengu, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Sasa umeanza kujinusa?"

"Mama, husikii harufu ya maziwa?"

"Maziwa gani? Si mwenyewe umekataza yasiingie humu? Siku ya nne leo nakunywa chai ya rangi kama mgonjwa."

Alikuwa amekataza kweli, na sababu yake hakuwa amemwambia mtu.

Mumewe alikuwa mlinzi wa geti la reli, nje ya mji mdogo katika jimbo la Bihar, India, upande wa kusini wa mto Ganga. Treni ikikaribia alilishusha geti, ikishapita alilipandisha, na kwa kazi hiyo walipewa nyumba ya vyumba viwili kando ya reli, ambamo sasa walibaki watatu tu na bibi kizee, Rinki ameshaolewa. Watu wa kule geti likishuka hawangoji. Wanainama, wanapita chini yake na baiskeli zao na mbuzi wao, na mlinzi akiwakemea wanamcheka. Mwezi wa pili mwanamke mmoja muuza maziwa aliinama hivyo hivyo na ndoo yake ya bati. Baba Rinki akampigia kelele: "We mama, rudi!" Yule mama akasimama katikati ya reli, akageuka kutazama anayemwita ni nani, na treni ikamkuta pale pale. Asingeitwa, angekuwa ameshavuka.

Tangu siku ile Baba Rinki hakulala. Alikuwa akisikia mfuniko wa ndoo ukigonga bati, na alimnong'oneza mkewe peke yake kwamba yule mama humwomba amfungulie geti. Mama Rinki akamwambia anyamaze, asimwambie mtu mwingine. Wakubwa wa kazi wakisikia neno wazimu, geti limekwenda na nyumba imekwenda.

Ndipo jirani alipowaelekeza kwa Mwalimu Trilok, karani mstaafu aliyefundisha yoga ya kulala katika ukumbi wa shule. Si mazoezi ya kujikunja. Unalala chali, unafumba macho, na sauti ya mwalimu inakutembeza mwilini kiungo kwa kiungo, kidole gumba, kidole cha pili, kiganja, mpaka mwili wote unalala na wewe ndani uko macho. Imewafaa wengi. Jirani mwenyewe ilimshusha presha, na wanafunzi wa mitihani walikuwa wakijaa pale.

Siku ya kwanza, kabla hajamlaza mtu, Mwalimu aliuliza: "Kuna yeyote humu anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii? Au aliyeona kifo kibaya karibuni? Aseme, si aibu. Mtu huyo simlazi mpaka aonwe na daktari wa akili. Zoezi hili linakushusha ndani kabisa, na kama ndani kuna kitu, utakutana nacho."

Baba Rinki alifungua mdomo. Mkewe, aliyekaa nyuma na wanawake, akamuwahi.

"Huyu hana kitu, Mwalimu. Usingizi tu umempotea."

Baba Rinki akafunga mdomo, akalala kwenye mkeka.

Na alilala kweli. Wiki tatu alilala kama watu wengine, mkewe akajiona mwerevu. Mwalimu akawapa karatasi ya kusomea nyumbani. Kurekodi kwenye simu alikataza, alisema sauti ya simu haimwoni aliyelala. Kwa hiyo kila saa nane mchana, upepo wa moto ukivuma nje na milango imefungwa, Baba Rinki alilala chali chumba cha ndani, mkewe akamsomea taratibu. Sharti lilikuwa moja, nalo liliandikwa kwa herufi nene: ukianza, maliza. Aliyepelekwa arudishwe, asuguliwe viganja.

Jumanne moja mkewe alikuwa amefika "goti la kulia" mama mkwe alipoita kutoka jikoni kwamba maziwa ya chai yanamwagika. Akainuka mara moja tu. Akazima jiko, akafuta, jirani akaingia kuomba chumvi na maneno mawili matatu. Aliporudi nusu saa ilikuwa imepita, na mumewe alikuwa ameshakaa, macho wazi. Mama Rinki akaona hapana neno. Jioni, alipowekewa chai, Baba Rinki alitia vidole kwenye kikombe, akawa anapapasa ndani yake kama mtu aliyeangusha kitu. Usiku huo huo mkewe akakataza maziwa.

Sasa ilikuwa siku ya nne, na harufu ilikuwa imejaa nyumba. Ilipofika saa nane, Baba Rinki akatandika mkeka mwenyewe, akalala chali bila kumwita mtu.

Mama Rinki akasimama mlangoni. Kwanza akasikia bati likigonga bati, polepole, na hapakuwa na bati lolote mle ndani. Kisha mumewe, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kushindana na honi za treni, akafumbua macho nusu, akasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke aliyechoka:

"Fungua geti. Maziwa yanaharibika."

Mama mkwe alikuwa amekuja nyuma yake. Akamkamata mkono. "Hiyo sauti ya nani?"

"Nyamaza, mama."

"Huyo si mwanangu."

"Nyamaza, atatusikia."

Na yule aliyekuwa mkekani akageuza kichwa tu, mwili haukusogea hata kidogo, akawatazama wote wawili kama mtu anavyowatazama wenye nyumba aliyoikuta wazi akaingia, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikawa nzito hata machozi yakawatoka, na bati likaendelea kugonga sasa jikoni, sasa uani, sasa chini ya kitanda cha bibi kizee, na sauti ile ikarudia maneno yale yale bila hasira, kwa subira ya mtu ambaye ameshangoja sana na ataendelea kungoja, fungua geti, maziwa yanaharibika, mpaka treni ya saa tisa ilipopita ikatikisa kuta na kila kitu kikanyamaza.

Ikawa hivyo kila siku. Baada ya saa tisa Baba Rinki aliinuka, akala alichopewa, akatazama ukuta. Ukimwita haitiki. Mama Rinki alipeleka habari kazini kwamba ana homa ya matumbo, na kila siku akaomba homa hiyo iaminike siku moja zaidi. Alikonda. Alikuwa akimlisha mumewe kwa mkono huku akimwomba radhi, na mumewe alikuwa akitafuna tu.

Alikwenda kwa Mwalimu Trilok, akamweleza yote. Yule mzee akakaa chini taratibu.

"Mama, nilikuuliza mbele ya watu arobaini."

"Niliogopa, Mwalimu."

"Na mimi sasa naogopa. Ningejua ningemkataa mlangoni. Mpeleke kwa daktari wa akili, nitakuandikia barua."

"Daktari atamtibu yeye au atamtibu huyo aliyeingia?"

Mwalimu akavuta kalamu, akaandika barua.

Alhamisi mama mkwe akasema twende kwenye kaburi la walii. Wao walikuwa Wahindu, lakini kule mambo ya majini yakizidi kila mtu huenda kwenye kaburi lile, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Mtunza kaburi alikuwa Bibi Zaibun, mwanamke mdogo wa umbo, mtafuna tambuu, asiye na makeke. Alimsikiliza Mama Rinki mpaka mwisho, mama mkwe akingoja nje.

"Simfukuzi mtu hapa," akasema. "Huyo hakuvunja mlango. Aliukuta wazi, na aliyeuacha wazi ni wewe."

"Najua, Bibi. Nifanye nini? Nitafanya lolote."

"Saa ile ile, mkeka ule ule, karatasi ile ile. Soma kuanzia ulipoachia. Usiinuke hata nyumba ikiwaka. Ukifika mwisho mwambie mgeni geti liko wazi, apite. Halafu mwite mumeo kwa jina."

"Baba Rinki."

"Hilo si jina. Aliyeko huko mbali hajui kama ni baba wa mtu. Jina alilopewa na mama yake."

Mama Rinki akainamisha kichwa. Kwao mke hataji jina la mume. Ukilitaja unampunguzia umri, hivyo ndivyo alivyofundwa, na kwa miaka ishirini na sita hakulitaja hata peke yake kisimani.

"Bibi, nikimuua je?"

"Kwani sasa unaye?" Bibi Zaibun akatema tambuu. "Na jambo moja usilisahau. Anayesoma naye husafiri. Ukishamrudisha, sugua viganja vyako na wewe, ujiite jina lako mara tatu. Jina lako nani?"

Ilibidi alitafute kwanza. "Sonmati," akasema, kana kwamba anamtaja msichana aliyesoma naye zamani.

"Haya, Sonmati. Akishapona umpeleke kwa huyo daktari vilevile. Ufa ulikuwepo kabla ya mgeni."

Kesho yake alimpeleka mama mkwe kwa dada yake, akabaki peke yake na mumewe. Saa nane akakaa kando ya mkeka, karatasi mkononi.

"Goti la kulia," akasoma. Goti lake mwenyewe likafa ganzi. "Muundi. Kifundo cha mguu. Kisigino." Kila alichokitaja kwa mumewe kilizizima kwake. Harufu ikaja. Bati likagonga. Sauti ya mama mkwe, ambaye alikuwa maili sita kutoka pale, ikaita jikoni kwa ukali wake ule ule wa kila siku: "Mama Rinki, maziwa yanamwagika!" Akasikia kabisa maziwa yakichuruzika kwenye moto, akasikia moshi kooni, akasikia sufuria ikianguka na mtu akilia kwamba ameungua, na miguu yake iliyozoea kukimbilia kila inapoitwa ikataka kuinuka yenyewe, akaikandamiza chini kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akaishika karatasi ambayo herufi zake hazikusomeka tena kwa machozi, akasoma kwa kukumbuka, akasoma huku analia, mguu wa kushoto, mgongo, bega, koo, mdomo, kope, mpaka mistari ikaisha.

"Geti liko wazi," akasema. "Pita, dada. Tusamehe."

Bati likanyamaza. Kisha akainama kwenye sikio la mumewe, akasema kwa sauti ndogo kuliko pumzi:

"Bisheshar."

Akaongeza sauti.

"Bisheshar. Bisheshar, rudi nyumbani."

Vidole vya mumewe vikacheza. Akamsugua viganja, akamsugua kwa nguvu, na yule mtu akafumbua macho, akamtazama, akamwona.

"Mama Rinki," akasema kwa sauti yake nzito. "Umeniita jina?"

Aibu ikamshika kama bibi harusi. Akavuta ncha ya sari usoni. "Umeota wewe. Nani akuite jina?" Akacheka, akalia, akakimbia jikoni kumtafutia chakula, na kule akamkandia unga, akamkatia kitunguu, akamtengea mtindi. Kusugua viganja vyake mwenyewe hakukumbuka, wala kujiita jina lake mara tatu. Kwa miaka ishirini na sita hakuwa na mazoea ya kujikumbuka.

Daktari wa akili alimpa Baba Rinki dawa na akamsikiliza vizuri, na kazini hawakumfukuza kama walivyodhani. Walimpa likizo, kisha akarudi getini. Yaliyotokea mkekani Mama Rinki hakumsimulia. Mvua zikaanza. Maziwa yakarudi nyumbani, bibi kizee akanywa chai yake mpaka mashavu yakamjaa.

Mchana mmoja Mama Rinki alimaliza kuosha vyombo, akajilaza kidogo kwenye sakafu baridi ya chumba cha ndani. Kabla hajapata usingizi alisikia sauti ikisoma, taratibu, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. Kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole cha pili. Ikampitisha mkono mzima, bega, kiuno, paja, na kila ilipopita pakawa si pake tena. Goti la kulia, ikasema, ikaishia hapo. Akataka kuinuka, hapakuwa na cha kuinulia. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikaingia polepole.

"Mama Rinki," mama mkwe akaita. "Saa tisa hii, chai iko wapi?" Akaja, akamtikisa, akaanza kupiga mayowe. Jioni mumewe akaja mbio kutoka getini na khaki zake zimelowa. Aliitambua harufu kabla hajafika mlangoni. Akaitafuta karatasi, akapiga magoti, akamsomea yote kuanzia juu hadi chini, hakuruka neno, machozi yakimdondoka juu ya herufi. Akamsugua viganja. Akamwambia zoezi limekwisha, afumbue macho.

"Mama Rinki," akamwita. "Mama Rinki wangu, rudi."

Alimsikia. Alikuwa amesimama mbele ya geti lililoshushwa, ndoo ya bati miguuni pake, na sauti ya mumewe ilimfikia wazi kabisa kutoka ng'ambo ya reli. Wote walikuwa wakimwita Mama Rinki, usiku kucha walimwita, mume na mama mkwe na majirani, naye akageuka huku na huku kumtafuta huyo wanayemwita, kwa maana huko alikokuwa hapakuwa na mtu wa jina hilo.