Majani Marefu ya Ukingoni

Sogeeni, ndugu zangu, na mwenye jembe aliweke chini kidogo, maana habari hii inamhusu.

Asubuhi moja maji yalikuwa yamekupwa mbali na bahari imetulia. Ndani ya majani yaotayo chini ya bahari, kaa walikimbizana, na majongoo bahari yamejilaza kivivu. Bibi mmoja, aliyezibwa macho na mtoto wa jicho, alikuwa akiokota kome kwa nyayo. Ndiyo, kwa nyayo! Alipapasa mchanga kwa vidole vya miguu, akihisi kitu kigumu huinama, hukichomoa, kisha huyalaza majani kama alivyoyakuta.

Kwa miguu hiyo hiyo alirudi nyumbani peke yake. Majani mafupi yakimgusa vifundo, alijua yuko katikati. Akikuta majani marefu ya kufika magotini, huo ni ukingo wa mkondo wenye kina, hugeuka upesi. Na akikanyaga mchanga mtupu, basi amefika pwani.

Binti yake, ambaye majirani walimwita Haishibi, hakuwa na subira ya nyayo. Yeye alikuwa na jembe. Kome wakubwa hukaa chini ya mizizi ya majani marefu, naye akaanza kuyang'oa huko ukingoni. Vijikaa na vijongoo vilivyofukuliwa alivirusha juani vikauke. Jirani, mwokotaji mwenzake, alimkanya.

"Shoga, unabomoa nyumba za viumbe. Mwakani tutaokota nini?"

"Mwakani ni yako. Mimi nala leo."

"Basi mwambie mama. Yeye ukingo huo anauona kwa magoti."

"Mama yangu ni wangu. Wewe una wako?"

Jirani, ambaye mama yake alizikwa mwezi uliopita, akaenda zake.

Msidhani Haishibi hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Siku hiyo jikoni, Haishibi akichemsha kome, mama yake alinusa hewa.

"Mwanangu, jembe lako linanuka tope la ukingoni. Yale majani marefu bado yapo?"

Kusema kweli kungemlazimu aache jembe, au awe anamshika mama mkono kila siku. Akajibu bila kugeuka, "Yapo, mama. Tele."

Aibu iliyoje! Kipofu anadanganywa na aliyepaswa kuwa jicho lake.

Siku ya tatu wakaenda tena. Maji yalipoanza kujaa, Haishibi alikuwa amefukua shimo lenye kome wanene, hataki kuliacha.

"Mwanangu, maji yanarudi. Twende!"

"Tangulia, nakuja."

Bibi alikuwa amegeukageuka kuokota, upande umempotea. Hakuwa na wasiwasi, miguu yake haikuwahi kumdanganya. Akatembea juu ya majani mafupi mpaka yakaisha.

"Nimefika mchangani!" akaita kwa furaha.

Haishibi hakuinua kichwa. "Haya mama, endelea!"

Mama akaendelea.

Ndoo ilipojaa ndipo binti alipotazama. Mama yake yuko ndani ya maji ya kifua, uso ameuelekeza baharini.

"Mama! Rudi! Huko siko!"

"Mbona pwani leo ina maji mengi?" bibi akauliza, akapiga hatua moja zaidi.

Mkondo ukamzoa. Haishibi alitupa ndoo akakimbia, akatumbukia kwenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe, akainuka, akatumbukia tena. Alipofika hapakuwa na mtu. Wavuvi wa nyavu walimwopoa bibi kesho yake.

Siku hizi kome hawapo tena ukingoni. Haishibi huenda maji yakipwa, akapanda majani kwa mikono yake miwili, na maji yakijaa huyang'oa yote. Hakuna anayemwonea huruma. Hata mimi ninayewasimulia, kusema kweli, simwonei.

FUNZO

Ndugu zangu, mchuma janga hula na wa kwao. Viumbe wanaoishi chini ya majani ya bahari hawana kauli, lakini makazi yao yanatushikilia na sisi. Okota, lakini mizizi iache. Na ukishafanya uharibifu, sema kweli siku hiyo hiyo, maana kuna mtu anayetembea akiliamini neno lako. Haishibi angesema neno moja tu jikoni, "Nimeyang'oa," angekuwa na mama mpaka leo.