Oscar na Mama Aliyepanda Meru

Kila Jumatatu, baada ya kuimba mstarini na kukaguliwa kucha, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Moshono huelekea chumba cha mwisho, kando ya jiko. Chumba hicho ndicho maktaba yao. Si kikubwa, na asubuhi za baridi, wingu la Meru linapoteremka hadi kwenye migomba, moshi wa kuni huingia kwa dirisha lisilofunga vizuri. Hata hivyo, rafu zake zimepangwa kwa adabu. Rafu iliyo ndefu kuliko zote imebeba vitabu vya maisha ya watu: waasisi wa shule na vyama vya ushirika, wataalamu wa nyota na wa dawa, wanariadha, na waigizaji wa filamu.

Mlezi wa maktaba hiyo ni Mwalimu Philemoni, anayefundisha Kiswahili. Alilelewa katika shule za bweni, na mpaka leo hupanga vitabu kana kwamba kiranja atapita kukagua. Jambo asiloweza kulivumilia ni kitabu kuazimwa na kurudishwa bila kusomwa. Naye hulitambua mara moja.

“Oscar,” alisema Jumatatu moja, akipokea kitabu cha maisha ya mwigizaji mmoja wa filamu. “Umekisoma?”

“Ndiyo, mwalimu. Chote.”

Mwalimu alikisimamisha kitabu juu ya kiganja, akayaachia majalada. Kikafunguka chenyewe katikati, penye kurasa za picha. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimeshikamana kama zilivyotoka kiwandani.

“Umesoma miwani yake ya jua,” alisema mwalimu. “Umesoma na gari lake. Je, alizaliwa wapi?”

“Alizaliwa... katika familia maskini, mwalimu.”

“Familia maskini iko mkoa gani?”

Darasa zima liliangua kicheko, na Oscar akacheka nalo. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimemwokoa mara nyingi kuliko ilivyomfaa.

Muhula huo, maktaba ilikuwa hatarini. Stoo ya jikoni ilikuwa inavuja, na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mikaeli, alitaka mahindi ya chakula cha wanafunzi yahamishiwe kwenye chumba cha vitabu. Alikuwa mkulima mwenye maneno machache, na hakuna aliyemjibu kwa urahisi.

“Mahindi yanaliwa, mwalimu,” alisema. “Hivi vitabu, nani anavila?”

Mwalimu Philemoni alimsihi sana. Mwishowe walikubaliana hivi: katika Siku ya Usomaji, mwanafunzi mmoja atasimama mbele ya wazazi na kueleza maisha ya mtu kutoka kwenye rafu ile ndefu. Kamati ikiridhika kwamba watoto wanasoma, chumba kitabaki cha vitabu. Isiporidhika, magunia yataingia.

Mwalimu alihitaji mwanafunzi ambaye sauti yake ingesikika mpaka nyuma ya uwanja. Alilipitia darasa lote akilini, na kila mara alirudi kwa mtu yule yule. Jambo hilo lilimuudhi.

“Oscar,” alisema, akimkabidhi kitabu, “hiki nakupa kwa mkono wangu. Kisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nidhi atakuuliza maswali kabla ya siku yenyewe. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mwalimu.”

Kitabu kiliitwa *Mama Aliyepanda Meru*. Kwenye jalada kulichorwa mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya mpira, mkononi ameshika mpini, na nyuma yake mlima umesimama. Jalada la nyuma lilichanika zamani, na mwalimu alikuwa ameligandishia karatasi ya kaki. Oscar alikifungua katikati. Hakikuwa na picha. Akakifunga kwa masikitiko, na hakukifungua tena.

Nidhi, jirani yake wa dawati, alikuwa mjukuu wa Mzee Jitendra, mfanyabiashara wa vitambaa mjini ambaye alitoa nusu ya vitabu vya rafu ile. Kwao, mtu aliyeacha kitabu kikiwa kimefunguliwa kifudifudi alisemwa siku nzima. Kila wakati wa mapumziko alimfuata Oscar.

“Nikuulize maswali?”

“Usiniulize. Nimeshaiva.”

“Umefika sura ya ngapi?”

“Nidhi, acha zako! Wewe ni mwalimu mkuu?”

“Sura ya ngapi, Oscar?”

“Ya mwisho! Haya, umeridhika?”

“Basi niambie inaishaje.”

“Kama unataka kujua inavyoisha, kasome mwenyewe,” Oscar alijibu, akakimbilia mpirani. Nidhi alibaki akitikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kumwomba mwalimu kitabu hicho, akaambiwa kiko kwa Oscar.

Siku ya Usomaji ilifika. Wazazi waliketi kwenye madawati yaliyotolewa nje, mama yake Oscar, Mama Hanna, akiwa mstari wa mbele kwa kitenge chake cha kanisani. Mzee Mikaeli aliketi meza kuu, fimbo yake imelala magotini. Oscar aliitwa. Alikiweka kitabu mezani, mbele ya mwenyekiti, kuonyesha kwamba hahitaji kukitazama. Kisha akaanza.

Alisema vizuri, hilo halina ubishi. Alieleza jinsi Mama Naisiae, shujaa wa kitabu hicho, alivyoaga watoto wake kabla ya mapambazuko na kuanza kuupanda Mlima Meru. Alieleza baridi iliyomkata vidole. Aliunyanyua mkono kuonyesha jinsi mama huyo alivyokita fimbo yake ya kupandia kwenye majivu ya volkano, akateleza, akainuka. Kisha Oscar alipaza sauti: mama huyo alipofika kileleni, alisimika bendera ya taifa akalia machozi. Wazazi walipiga makofi. Mama Hanna alipiga vigelegele.

Mwalimu Philemoni hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika paji la uso kwa vidole.

“Umesema vizuri, kijana,” alisema Mzee Mikaeli. “Alipofika kule juu, aliuonaje mji?”

“Aliuona wote, mzee! Njiro, Kaloleni, hata uwanja wa mpira. Watu walikuwa wadogo kama siafu.”

“Na imeandikwa humu?”

“Imeandikwa, mzee.”

Mzee Mikaeli alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ya polepole: “Mama Naisiae hakupata kufika kilele cha Meru hata siku moja, wala hakutamani.”

Mzee aliirudia sentensi ile kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akaendelea kidogo. “Aliupanda mlima kwa miche ya miti.” Akakifunga kitabu.

“Kupanda miche,” alisema. “Siyo kupanda juu. Mwalimu, hii ni sentensi ya kwanza. Mtoto wako hakuisoma hata hiyo. Kikao cha wazazi ni wiki ijayo. Tayarisheni chumba kwa magunia.”

Watu walipotawanyika, Oscar alimkuta mwalimu maktabani, akishusha vitabu.

“Mwalimu, samahani. Lakini hata wewe, mwalimu, ukitazama jalada, limeandikwa ‘aliyepanda.’ Na amevaa viatu. Na ameshika fimbo...”

“Ni mpini wa jembe.”

“Lakini kwenye picha jembe halionekani, mwalimu. Liko chini ya...”

“Oscar!” Mwalimu aliweka vitabu chini kwa kishindo kisicho cha kawaida yake. “Jalada, jalada, jalada! Nilikupa kitabu, si jalada. Kule bwenini kitabu kimoja kilizunguka vitanda vyote, na aliyekipata usiku mmoja alishukuru. Wewe umekaa nacho wiki nzima ukashindwa kufungua ukurasa mmoja. Mmoja! Neno ‘kupanda’ halikukudanganya. Neno hilo lina maana mbili tangu hujazaliwa, na sentensi ya kwanza ilikuwa inakungoja ikueleze ni ipi. Wewe ndiye uliyewadanganya wazazi wako. Bendera ulitoa wapi?”

Oscar alitazama sakafu.

“Nifanye nini, mwalimu?”

“Mimi sitakuombea msamaha. Kitabu kile pale.”

Nyumbani nako hakukuwa na afueni. Mama Hanna hakumchapa wala hakumfokea. Alikunja kitenge chake cha kanisani, akakirudisha sandukuni, akasema, “Nimepiga vigelegele mbele ya watu, Oscar, kwa ajili ya uongo.” Kisha akaendelea kuchambua maharage bila kumtazama.

Oscar alikaa kibarazani, akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza. Mwanzoni alisoma kwa hasira, akihesabu kurasa zilizobaki. Halafu akafika mahali ambapo miche ya kwanza ya Mama Naisiae iliota vizuri kando ya chemchemi iliyokauka, na asubuhi moja mama akaikuta imeliwa yote na mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wake. Oscar alicheka peke yake, kisha akafungua ukurasa uliofuata kabla hajajua amefungua. Mama alipanda tena. Jua likaua miche. Akapanda tena, safari hii miti ya miringaringa, akaizungushia miiba. Majirani walipomuuliza mumewe, “Mkeo yuko wapi leo?” alijibu kwa dhihaka, “Amepanda Meru,” nao wakacheka, kwa maana walijua mama yule aliogopa hata ngazi ya ghalani. Jina la kitabu lilitokana na mzaha huo.

Oscar alisoma sehemu hiyo mara mbili. Watu wale walikuwa wamelichezea neno lile lile lililomwaibisha yeye. Tofauti ni kwamba wao walijua walichokuwa wakisema.

Siku zilizofuata, Nidhi alimkuta chini ya dirisha la maktaba kila wakati wa mapumziko.

“Mpira umeisha?” alimtania.

“Niulize maswali,” alisema Oscar.

“Ee! Sasa ndiyo unataka maswali? Magunia yako njiani, ndugu yangu!”

“Nidhi, niulize tu. Tafadhali.”

Akamuuliza. Alimuuliza bila huruma.

Kikao cha wazazi kilipofika, magunia yalikuwa tayari yamelundikwa kwenye veranda ya maktaba. Oscar alinyoosha mkono kabla ajenda hazijasomwa.

“Wewe tena?” alisema Mzee Mikaeli. “Umekuja kutupandisha mlima gani leo?”

Wazazi walicheka.

“Shikamoo, mzee. Shikamooni, wazazi. Siku ile sikuwa nimesoma kitabu. Nilitazama jalada, mengine nikatunga. Bendera nilitunga. Mwalimu hakujua, na Nidhi alinikanya. Sasa nimekisoma. Naomba mzee ufungue ukurasa wowote, uniulize.”

Mzee Mikaeli alinyoosha mkono, akapewa kitabu.

“Mbuzi walikuwa wa nani?”

“Wa kwake mwenyewe, mzee.”

Kicheko kikapita tena uwanjani, lakini sasa hakikuwa cha kumcheka Oscar.

“Walipomuuliza kwa nini hataki kufika kileleni, alijibu nini?”

“Alisema, ‘Huko juu nikafanye nini? Ng’ombe wangu wako huku chini.’”

Mama mmoja aliyekaa nyuma aliitikia, “Amesema kweli!” Mzee aliendelea kufunua kurasa.

“Na mzee wa mila aliyempa sehemu ya kupanda, jina lake nani?”

Oscar alifungua mdomo. Zamani, jina lingetoka hapo hapo, jina lolote. Alitulia. Alitazama juu, akatazama chini. Nidhi, aliyesimama na wenzake ukutani, alifumba macho.

“Sikumbuki, mzee,” alisema Oscar. “Nilisoma, lakini jina limenitoka. Ni kwenye sura ya chemchemi. Naweza kulitafuta.”

Mzee Mikaeli alivua miwani. “Mwalimu Philemoni,” alisema, “siku ile mtoto huyu alijua kila kitu, nikafahamu kwamba hajasoma. Leo kuna asichokijua.” Akawageukia wajumbe wa kamati, akanong’ona nao, kisha akagonga fimbo chini. “Bati la stoo litarekebishwa. Wazazi wenye misumari waje nayo Jumamosi. Magunia yarudi jikoni, na vijana hawa wenye nguvu za kusimulia ndio watakaoyabeba.”

Oscar ndiye aliyebeba mengi. Alipomaliza, jasho likimtiririka na vumbi la mahindi likiwa mabegani, Mwalimu Philemoni aliwakusanya wanafunzi wa darasa la sita mlangoni pa maktaba.

“Sikilizeni,” alisema. “Mtu anaishi miaka mingi, anafanya kazi, anakosea, anarudia. Mwingine anakesha akiyaandika hayo ili ninyi msiosafiri naye mpate kumjua. Kusema umemsoma kumbe umeangalia picha yake ni kumwibia mtu huyo maisha yake na kumvika mengine. Oscar alifanya hivyo, naye amelipa kwa mgongo. Kila mmoja wenu akishika kitabu, asome. Asipokisoma, aseme hajakisoma. Hakuna aliyewahi kuvunjika mguu kwa kusema ‘sijui.’”

“Ndiyo, mwalimu,” waliitikia.

Mzee Mikaeli alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa mbele ya rafu ndefu, ameshika kile kitabu cha mwigizaji wa filamu. Alikipindua, akakipuliza vumbi.

“Hiki naweza kukiazima, mwalimu?”

“Unaweza, mwenyekiti.”

Mzee alikiachia mikononi, nacho kikafunguka chenyewe katikati, kwenye miwani ya jua. Macho yake yakang’aa. Oscar alikohoa kidogo kwa adabu.

“Samahani, mzee,” alisema. “Huwa kinaanzia ukurasa wa kwanza.”