Koo la Mita Mia na Sitini

Mkunga alikata kitunguu cha kwanza, cha pili, cha tano, na alipofika cha saba akaweka kisu chini. Macho yake yalikuwa makavu. Hayakuwasha wala kulengalenga. Akachukua nusu ya kitunguu akaisogeza karibu na jicho, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, akasubiri. Harufu aliipata sawasawa. Chozi halikuja.

"Vitunguu vya safari hii havina ukali," alimwambia mkamwana wake, aliyekuwa ameketi mlangoni na mimba yake ya miezi tisa.

"Vikali, mama. Mimi pua inaniwaka huku nilipo."

Mkunga akacheka, akabandika sufuria. Mwanamke aliyezalisha nusu ya bonde hashtuki kwa jambo dogo kama hilo. Lakini mchana mumewe aliporudi shambani, amepalilia tangu asubuhi kwenye jua la kupasua mawe, shati lake lilikuwa kavu kama lililotoka kupigwa pasi. Mkunga alilinusa kwapani. Halikunuka jasho. Lilinuka udongo mbichi wa chini, ule unaotolewa kaburi linapochimbwa.

Ilikuwa siku ya nane tangu kisima kianze kutoa maji.

Mvua ilikuwa imekatika, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Visima vya mkono bondeni vilikauka kimoja kimoja. Watu wakaongeza kamba, kisha wakaongeza kina, kisha wakaanza kuangaliana kwa jicho baya, kila mmoja akiamini jirani ndiye anayemvutia maji chini kwa chini. Mume wa mkunga watu walimwita Kisiki, kwa sababu akishaamua jambo hang'oki. Huyo aliuza maksai wake wote akaleta mtambo wa kuchimba. Mita tisini, vumbi. Mita mia na ishirini, vumbi la mawe. Msimamizi wa mtambo akasema, "Mzee, tuache, hapa hamna kitu." Kisiki akasema, "Shuka."

Kwenye mita mia na sitini chuma kikadumbukia ghafla, kana kwamba kimetoboa dari la chumba. Shimo likashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya baridi, iliyowapepea mafundi suruali zao. Fundi mmoja, jitu la miraba minne, aliokota viatu vyake akaondoka bila kuaga, na wenzake wakamcheka. Jioni hiyo maji yakatoka.

Na yalikuwa maji kweli. Baridi, matamu, meupe. Vitunguu vikanenepa kwenye majaruba hadi vikapasua udongo. Majirani wakaja na madumu, Kisiki akawafungulia bomba bila kinyongo, na seremala wa jirani akamwambia mbele za watu, "Kaka, umetufufua."

Siku ileile ya nane, saa tisa alasiri, mkunga alisikia sauti kisimani alipokwenda kuanua nguo. Mota ilikuwa imezimwa. Bomba la kisima lilikuwa limesimama peke yake kwenye zege, na ndani yake kulikuwa na kitu kinafyonza. Fyoo. Kikatulia. Fyoo. Kama mlevi anayemalizia mtungi kwa mrija. Mkunga akasimama na nguo mkononi, akahesabu mafyonzo, na baada ya kumi akagundua kwamba kila moja linakuja pamoja na pumzi yake yeye anapoivuta, na alipobana pumzi, nalo likangoja.

Hakumwambia mtu siku ile. Kesho yake ndama alikufa, amekaukia ubavu kama ngoma, na ndoo ya maji imejaa mbele yake. Wiki ile mate yakaanza kuwaadimikia. Kisiki alipoongea, ulimi uligonga kaakaa, ko, ko, kama bakora sakafuni.

"Baba nanihii," mkunga alimnong'oneza chumbani, mchana, mlango umefungwa. "Kizime kile kisima."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu mle. Kinatunywa."

Kisiki akamtazama kwa macho yasiyong'aa tena. "Kinatunywa, au tunakinywa? Wiki tatu, mke wangu. Nivune tu. Wiki tatu, kisha nifanye utakavyo."

"Na huyu mtoto aliye njiani?"

"Atazaliwa kwenye nyumba yenye maji," akasema. Akatoka.

Uchungu ulimshika mkamwana siku ya Alhamisi, jua likiwa utosini. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mkunga akatandika mpira, akaweka beseni, akanawa, kazi aliyoifanya miaka thelathini bila mikono kutetemeka. "Sukuma, mwanangu. Vuta pumzi. Sasa." Chupa ikapasuka, akaisikia kwa masikio yake. Halikutoka tone. Badala yake ikatoka harufu ile ya udongo wa chini, ikajaa chumba kizima, ikaingia kwenye pazia na kwenye mashuka, na chini ya kitanda, pale kwenye sakafu ya saruji aliyoifagia mwenyewe asubuhi, kitu kile kikaanza kufyonza, fyoo, fyoo, taratibu kwanza kisha kwa pupa, na kila kilipofyonza midomo ya binti ikapasuka zaidi na ngozi ya tumbo ikazidi kushikana na mifupa, huku binti mwenyewe akimwangalia mkwewe kwa macho yaliyokodoka, akiuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, nani huyo yuko chini? Mama, mwambie atoke, mwambie aniachie wangu," na mikono ya mkunga ilikuwa imekwisha kumpokea mtoto, mwepesi kama kifungu cha maganda ya vitunguu, amefumbua mdomo, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti.

Aliishi mpaka saa kumi.

Walimzika kesho yake. Watu walisimama kaburini na nyuso zimekunjamana, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna hata mmoja aliyetoa chozi, wala wa nyumba ile wala majirani waliokuwa wakichota. Wakatazamana. Kisha kila mmoja akatazama chini.

Mganga aliletwa Jumamosi. Alikuwa mtu mfupi aliyechimba visima kwa mkono ujana wake wote kabla ya kuanza kutibu watu, na magoti yake yalikuwa na sugu kama ya ngamia. Hakutaka kiti wala mazungumzo. Alilala kifudifudi juu ya zege, akabandika sikio kwenye bomba, akakaa hivyo mpaka kivuli kikahama.

"Hiki si kisima, shemeji," akamwambia mkunga.

"Ni nini?"

"Ni koo. Mmemtoboa jini koo, alikuwa amejilalia na kiu yake. Anachowapa kwa bomba, anakidai kwenye miili."

Akawasha ubani, akasoma alichosoma. Ghafla Kisiki, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, akapiga magoti. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya ko, ko. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na maji mdomoni, na ndiyo kitu pekee kilicholowa katika boma lile.

"Sikuwaita," ikasema.

"Toka," mganga akasema.

"Nitoke niende wapi? Kote kumekauka."

Mganga akaongeza ubani kwenye moto. Mkunga akaona kidevu chake kinacheza.

"Basi rudi chini ulale."

"Nifungieni," ikajibu, polepole, karibu kwa upole. "Mkiweza kuvumilia, nitalala."

Siku hiyohiyo waling'oa pampu na mabomba. Wakashindilia mdomo wa shimo kwa udongo wa kichuguu, wakaweka bamba la chuma, wakamwaga zege juu yake. Mganga akachora alama zake kwenye zege likiwa bichi, akawaambia kwa msisitizo, "Msifungue. Hata mkifa kwa kiu, msifungue. Kifo cha kiu ni chenu wenyewe."

Asubuhi yake Kisiki aliamka shingo imelowa jasho, akalipangusa kwa kiganja na kulitazama kama kitu kilichookotwa. Mkamwana naye akalia. Alilia kwa sauti, machozi yakamchuruzika mpaka kifuani, tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mkunga akakaa naye kitandani akamshika mkono, akishukuru kwa kila chozi, akijilaumu kwa kushukuru.

Tangi la akiba walilolijaza kabla ya kufunga likakauka siku ya nne. Siku ya sita vitunguu vililala. Siku ya tisa Kisiki alirudi kutoka kwenye dimbwi la mwisho la bondeni na nusu dumu la tope, akalichuja kwa khanga, wakanywa macho yamefumbwa.

Siku ya kumi na moja mkunga alisikia vishindo vya chuma uani. Akatoka mbio. Watu walikuwa thelathini na kitu, na madumu yao, na seremala ameshika nyundo kubwa, tayari zege lina ufa.

Mkunga akapanda juu ya zege, akatanua mikono. "Mmerogwa? Mlisimama nami kumzika mjukuu wangu! Mmesahau kilichomo humu?"

"Hatujasahau, mkunga." Seremala hakupandisha sauti. "Tunajua kila kitu. Ng'ombe wangu saba wamekwisha. Wanangu wanalamba ukuta alfajiri. Sisi tumeona afadhali kupungua kidogo kidogo."

"Atawamaliza!"

"Na jua je?"

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga kelele. Mkunga akamtafuta mumewe, mtu asiyeng'oka, aje asimame naye. Kisiki alikuwa ukutani, ameinamisha kichwa, bomba la pampu begani. Alikuwa amelileta yeye.

Kisha mkono ukamshika kiwiko, mkono mkavu, wenye joto la homa.

"Shuka, mama," mkamwana akamwambia. Alikuwa na ndoo. "Nina kiu."

Mkunga akashuka. Hakujua ni miguu ipi iliyomshusha. Nyundo ikapiga mara nne, bamba likapinda, mtaimbo ukazibua udongo, na kabla mtu yeyote hajafunga bomba wala kugusa mota, maji yakapanda yenyewe mpaka ukingoni, meupe, yametulia, yakangoja. Watu wakajipanga foleni kwa adabu, wanaume wakawapisha wanawake wenye mimba watangulie.

Mkunga akawahesabu. Walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa mke wa seremala, na kwa jinsi tumbo lilivyoshuka, hazikuwa zimebaki hata wiki mbili ajifungue.