Dirisha la Bibi Attracta

Jua lilikuwa linazama katika mji wa Roscommon pale Muireann aliposhuka garini mbele ya nyumba ya marehemu bibi yake, Attracta, kwenda kuchukua gauni la buluu la marehemu. Mkesha ulikuwa kwa shangazi, na mwili ulikwishapelekwa huko, ukingoja kuvikwa.

"Fanya upesi," alisema kaka yake Tiernan, akibaki kwenye usukani. "Sandwichi za nyama zitaisha."

"Hata msibani unawaza tumbo!"

"Bibi mwenyewe angenisukumia sahani." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Muireann... alipokata roho, dirisha ulilifungua, eh? Roho yake ipate kutoka?"

"Nililifungua."

Uongo.

Nyumba ile ya matofali mekundu ilijengwa enzi za Malkia Victoria, ili akae mkuu wa stesheni ya reli. Treni zilikoma zamani. Madirisha yalibaki: marefu, yenye matao, ya kusukumwa juu. Kiangazi kile Muireann aliyapaka rangi kwa pupa, yakiwa yamefungwa, na rangi ikayagandisha. Alfajiri ya siku hii, Bibi akikata roho, alilisukuma lile la chumbani hadi kucha zikavunjika. Halikusogea. Mjomba alipouliza kutoka ngazini, alijibu kwamba limefunguka. Aliona aibu.

Sasa alipanda ngazi zile zile. Harufu ya rangi... na ya mshumaa uliozimwa.

Krrr... krrr...

Kucha kwenye kioo.

"Bibi?" alinong'ona.

Chumbani giza lilikuwa limeanza kutanda. Kioo cha dirisha kilijaa alama za viganja, zikihangaika juu na chini, kama za mtu anayetafuta njia. Kumbe amefungiwa humu tangu alfajiri! Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Bibi. Ni mimi niliyekuzuia. Nakutoa sasa hivi."

Akachukua chuma cha kuchochea moto, akapiga. Kioo kikapasuka. Upepo wa baridi ukampita usoni, ukinuka udongo mbichi.

Kimya.

Akashusha pumzi. Amekwenda. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimesalia kwenye fremu, bado kina alama ya kiganja. Akaifuta kwa mkono wa sweta.

Haikufutika.

Akafuta tena, kwa nguvu.

Ilikuwa upande wa nje. Na huku ni ghorofani. Chini hapakuwa na cha kukanyagia.

Nyuma yake, kitanda kikalia. Kisha ikaja sauti ya Bibi, dhaifu, imejaa hofu:

"Muireann, mjukuu wangu... umemwingiza nani?"